Kabla hujasema hema linavuja: maji ya ndani ya hema yanatoka wapi? (Uzi wa wapiga kambi wa Dar)

Mwenye Mahema (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Kazi yangu ni kukodisha mahema na kuyafanyia matengenezo, nipo upande wa Temeke. Wateja ni kwaya, skauti, wafanyakazi wanaovuka pantoni kwenda kulala ufukweni Kigamboni, na siku hizi vijana wanaopanda Uluguru na Usambara. Jumatatu mahema yakirudi, lawama ni ileile: "Bro, hema lako linavuja, tumeamka tumelowa." Nalisimamisha uani, nalipiga maji ya mpira, ndani kavu. Sasa nani mwongo? Hakuna. Mteja kalowa kweli, na hema ni zima kweli. Maji yametoka kwake mwenyewe.

Naleta uzi huu kwa sababu mtu akishaamini hema linavuja anakwenda kununua gundi, anapaka kila kona, anaziba hadi vitundu vya hewa vya juu, halafu safari inayofuata analowa zaidi na anakuja kunitukana.

Tuanze na pumzi. Mtu mmoja akilala usiku kucha anatoa maji ya kutosha kujaza kikombe cha chai au zaidi, kwa kupumua na kwa ngozi. Lalani watatu, ingizeni na taulo zilizotoka baharini na viatu vilivyolowa. Mvuke wote huo unabaki humo humo. Hewa yenye joto hubeba maji mengi kuliko ya baridi: mita moja ya ujazo ya hewa ya nyuzi 30 inaweza kubeba gramu 30 hivi za mvuke. Ikipoa hadi nyuzi 20 uwezo unashuka mpaka gramu 17, na kwenye nyuzi 10 zinabaki gramu 9 tu. Kinachozidi kinageuka matone, na yanajikusanya pale palipo baridi kuliko kwingine, yaani kwenye turubai. Chupa ya soda ikitoka kwenye friji inalowa nje, na hakuna anayesema imetoboka.

Mtu ataniuliza, Dar na joto lote hili turubai linapoa vipi? Usiku anga likiwa jeupe, kitambaa kinapoteza joto lake kuelekea juu na kinakuwa baridi kuliko hewa inayokizunguka. Na hewa ya pwani tayari imeshiba maji. Usiku wa Machi joto linaweza kuwa nyuzi 25 na umande ukaanza kushika nyuzi moja au mbili tu chini ya hapo. Ndiyo maana unaamka Kigamboni bila tone la mvua, turubai limelowa nje na ndani.

Jinsi ya kutofautisha ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Usiku haukunyesha na mmelowa? Mjadala umeisha, hilo si vuja. Matone madogomadogo yametapakaa ukuta mzima, hasa usawa wa vichwa na juu kabisa, hiyo ni pumzi. Maji yanafuata mstari wa mshono au yanatona sehemu ileile kila mara, hapo ndipo uanze kutafuta tundu. Na kuna moja linawachanganya hata wazoefu: mvua kubwa ikianza kupiga turubai, matone ya pumzi yaliyoning'inia ndani yanatikiswa na kukurukia usoni kama manyunyu. Mtu ataapa kwa mama yake kuwa mvua imepenya kitambaa.

Nawasilisha. Wenye uzoefu karibuni, wenye maswali karibuni zaidi.

Mtoto wa Mbagala

Naweka kambi hapa. Na leo si utani.

Shangazi Mdadisi

Kaka, nimekuelewa, ila sasa tufanye nini? Tulale bila kupumua?

Mwenye Mahema

Hahaa, pumueni dada, ila muache pumzi itoke.

Tatizo letu Waswahili ni kufunga. Zipu zote juu mpaka chini, sababu mbu, sababu wezi, sababu upepo. Mbu anazuiwa na wavu, hahitaji turubai. Kwa hiyo mlango wa kitambaa ufunguliwe, wa wavu ufungwe. Turubai la juu, lile linalofunika chumba cha ndani, lisikumbatie ardhi, liache upenyo wa kiganja hivi chini ili hewa iingie, na kile kitundu cha juu chenye kijiti cha kukiinua kiwe wazi usiku kucha, hata mvua ikinyesha, maana kimeshonewa kofia. Hewa ya nje inaingia chini, ya ndani yenye mvuke inatokea juu. Ukiziba kimojawapo umeua vyote.

Pili, elekeza mlango kwenye upepo. Kipindi cha kusi, tuseme Juni na Julai, upepo unatoka kusini, na Desemba mpaka Februari kaskazi inatoka upande wa pili. Wavuvi wa Kigamboni watakuonyesha kwa kidole. Kama mvua inakuja na upepo, geuza mlango pembeni kidogo, lakini usiupe upepo mgongo kabisa.

Tatu, vuta turubai la juu likae mbali na chumba cha ndani. Hema la tabaka mbili limebuniwa hivi: mvuke upite kwenye kitambaa chepesi cha ndani, ugandie kwenye turubai la juu, utiririke mpaka chini nje ya sakafu. Kamba zikilegea, matabaka yanagusana, na maji yanapita mpaka kwako. Nailoni ikilowa inanyooka na kulegea, kwa hiyo kabla ya kulala toka nje kaza kamba tena, hata kama jioni ulikaza vizuri. Poliesta hainyooki sana.

Na feni ndogo ya kuchaji. Watu wanaicheka, lakini usiku usio na upepo inafanya kazi kubwa.

Njia Panda

Chai hii mkuu, samahani. Mimi hema langu LINAVUJA. Tulikwenda Bagamoyo masika, mvua imepiga usiku, saa nane tunaogelea. Pumzi gani hizo za kujaza ndoo? Usitetee biashara.

Mwenye Mahema

Sitetei, mkuu. Nimesema lawama nyingi ni pumzi, sikusema zote. Nijibu matatu: maji yalianzia juu au chini? Hema la tabaka moja au mbili? Na chini ya hema mlitandika nini?

Njia Panda

Yalianzia chini, magodoro ndiyo yalilowa kwanza. Tabaka mbili. Chini tulitandika turubai zito la bluu, lile la mita nne kwa nne, hema lenyewe la watu watatu. Sasa hapo kosa liko wapi? Tulijikinga kuliko mtu yeyote pale ufukweni.

Mwenye Mahema

Hapo hapo. Hema la watu watatu sakafu yake haizidi sana mita mbili kwa mbili. Turubai lenu lilitokeza karibu mita nzima kila upande. Mvua inateleza kwenye hema, inaangukia lile turubai lililotokeza, na turubai halinywi maji, kwa hiyo yanakimbilia chini ya hema. Mkalala juu ya bwawa, na uzito wenu ukayasukuma maji yapite sakafuni.

Turubai la chini liwe dogo kuliko sakafu, upungufu wa vidole vitatu kila upande. Ukiwa nalo kubwa usilikate, kunja kingo zake kwa chini mpaka zisionekane ukiwa umesimama nje.

Njia Panda

Dah. Kwa hiyo mchanga mtupu ungenisaidia kuliko turubai?

Mwenye Mahema

Usiku ule, ndiyo. Mchanga wa pwani unanywa maji haraka. Nenda Pugu uone tofauti, kule kuna udongo mweupe wa kaolini, mvua ikinyesha maji yanasimama juu.

Kaptula Kaki (kiongozi wa skauti)

Kwenye sakafu naomba niongeze, maana vijana wangu wanapenda namba.

Kwenye lebo ya hema mtaona imeandikwa milimita 1500, 2000, 3000, mengine 5000 au zaidi. Maana yake ni urefu wa safu ya maji ambayo kitambaa kinaweza kubeba kabla tone halijapenya. Mvua ya kawaida haina shinikizo kubwa, kwa hiyo turubai la juu la 1500 likiwa zima na limevutwa vizuri linatosha mvua nyingi. Sakafu ndiyo kasheshe. Safu ya milimita 1000 ni sawa na shinikizo la gramu 100 kwa kila sentimita ya mraba. Chukua mtu wa kilo 70 apige magoti, kila goti lina kilo 35 juu ya eneo la sentimita za mraba 50 hivi. Hiyo ni gramu 700 kwa sentimita moja ya mraba, sawa na milimita 7000. Sakafu ya 3000 juu ya ardhi iliyolowa inashindwa pale pale, bila tundu lolote. Ukilala chali uzito unasambaa, shida inapungua.

Ndiyo maana nawaambia vijana: ardhi ikiwa imelowa, magoti na viwiko viwe juu ya mkeka au godoro la povu, si juu ya sakafu tupu. Na wasichimbe mifereji kuzunguka hema kama tulivyofundishwa zamani, hasa kwenye hifadhi. Inaharibu ardhi na inaanzisha mmomonyoko. Chagueni mwinuko kidogo tangu mwanzo, mmalize.

Mwenye Mahema

Mwalimu, hesabu hiyo nitaichapisha niibandike dukani.

Ila wengine msidanganyike: magodoro yakilowa kwa chini na ardhi ni kavu, ni jasho. Mwili una joto, sakafu ni baridi, mvuke unashuka na kugandia pale chini ya godoro. Unaliinua asubuhi na kulianika. Hakuna cha kuziba.

Shangazi Mdadisi

Na ile ya kwamba ukigusa ukuta wa hema mvua ikinyesha linaanza kuvuja? Baba alikuwa anatukataza mpaka anatuchapa.

Mwenye Mahema

Baba alikuwa sahihi kwa hema la wakati wake. Yale ya pamba, ya jeshi na ya wajenzi wa barabara, nyuzi zake zinavimba zikilowa na kujibana. Ukigusa kwa ndani unavunja ule utando wa maji na linaanza kutona pale ulipogusa. Haya ya nailoni na poliesta yanakinga kwa utando uliopakwa, ukigusa hupenyezi kitu, unajipaka tu matone ya pumzi yaliyokuwa ukutani. Ila begi la kulalia likiegemea ukuta litalowa, kwa hiyo katazo la baba liendelee.

Mpagazi Mstaafu

Salaam kutoka Moshi, sasa nipo Kinyerezi kwa wanangu. Nimebeba mahema Kilimanjaro miaka mingi, niwape ya kule kwa wale wanaojiandaa.

Njia ya Marangu mnalala kwenye vibanda, Machame na nyingine ni mahema. Kambi ya kwanza ya Machame ipo mpakani mwa msitu, kama mita 3,000. Unyevu wa kule ni wa ukungu wenyewe. Hata ufungue vipi, hewa inayoingia imelowa tayari. Pale dawa ni kitambaa. Kila mgeni awe na taulo dogo linalokausha haraka, apanguse turubai kwa upande wa ndani kabla ya kulala na usiku akiamka kwenda haja. Akamulie nje.

Mkifika kambi ya Barafu, juu ya mita 4,600, habari inabadilika. Pumzi haziwi matone, zinaganda kuwa barafu nyembamba kwenye ukuta. Usiku haikusumbui. Jua likichomoza saa kumi na mbili na nusu hivi, yote inayeyuka kwa mpigo, inakunyeshea ndani ya hema. Kwa hiyo kabla jua halijagusa hema, gongagonga kuta kwa kiganja, barafu ianguke, ifagie nje kwa kofia au taulo. Ukichelewa, begi la kulalia lililolowa halitakauka mpaka ushuke.

Na wageni wana tabia ya kuzika uso ndani ya begi la kulalia kwa ajili ya baridi. Pumzi zote zinaingia kwenye manyoya. Usiku wa kwanza hasikii, wa tatu begi limekuwa zito na halitunzi joto. Pua na mdomo vibaki nje, vaa kofia.

Mtoto wa Mbagala

Mzee, si unawasha tu jiko la mkaa dogo ndani dakika chache hema likauke?

Mpagazi Mstaafu

Mwanangu, usithubutu. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, unasinzia ukidhani ni uchovu na huamki. Na hema zima limefungwa. Na usiseme utatumia la gesi: nalo halikaushi kama unavyofikiri, maana likiwaka linatoa mvuke mwingi, na sufuria juu yake linaongeza. Kupika ni nje. Hata kwenye kile kibaraza cha hema, sipendi.

Mwenye Mahema

Mods kama mpo, jibu hilo la mzee mlibandike juu. Mahema yote mtakayokodi kwangu nawaambia hivyo hivyo kabla ya kupokea hela.

Fundi wa Nyuzi

Wakuu, mimi ni fundi wa maturubai ya malori, na mahema naletewa. Mmeongea pumzi sana, tuje kwenye vuja lenyewe.

Kutafuta tundu: simamisha hema mchana penye kivuli, liwe limevutwa. Mtu mmoja ndani na chaki, mwingine nje na mpira wa maji. Anza chini kwenda juu, usianze juu, la sivyo maji yatateremka na hutajua yameingilia wapi. Mshono mmoja mmoja, taratibu. Aliye ndani aweke karatasi za chooni kwenye mishono, tone dogo litaonekana kabla ya jicho kuliona. Palipolowa anazungushia chaki. Kitambaa chenyewe ni mara chache sana. Ni mishono, ni pale kamba zilipofungiwa, ni kona za sakafu, na ni zipu ambayo kifuniko chake hakikufungwa.

Sasa gundi, hapa ndipo watu wanapoteza hela. Mahema mengi tunayoyaona Dar yamepakwa utando wa poliyurithani. Ukiangalia upande wa ndani wa turubai unaona unang'aa kidogo na mishono ina tepu iliyobandikwa kwa moto. Mengine, hasa yale mepesi ya bei kali, yamepakwa silikoni pande zote, yanateleza mkononi na mishono haina tepu, kwa sababu tepu haishiki juu ya silikoni. Kwa silikoni ni gundi ya silikoni peke yake. Kwa poliyurithani ni gundi ya poliyurithani. Ukibadilisha itabanduka yote kama gamba. Ukiwa huna uhakika, paka kidogo pembeni, subiri ikauke kabisa, kisha ikwangue kwa kucha. Ikitoka kirahisi siyo yenyewe.

Zile za wenye kambi, kama Seam Grip, hapa mjini ni za kuagiza. Kwa hema la silikoni mbadala upo kwenye duka lolote la vifaa vya ujenzi: ile silikoni ya vioo, isiyo na rangi, isiyo ya akriliki. Ilegeze kwa waiti spiriti ya rangi ya mafuta mpaka ikubali brashi. SI thina. Thina itakula utando.

Tepu ya zamani ikishaanza kubanduka, usigandishe juu yake. Ivute yote itoke, futa mshono kwa spiriti ya hospitali, acha ukauke, paka gundi nyembamba mara mbili kuliko nene mara moja. Acha hema limesimama hadi kesho yake. Kabla ya kulikunja pitisha poda ya mtoto juu ya gundi, la sivyo utakuta limejishika lenyewe.

Kifaranga Mjini

Fundi, tundu dogo la cheche ya moto? Nimeweka selotepu nyeusi.

Fundi wa Nyuzi

Ya usiku mmoja ni sawa. Ukirudi iondoe, gundi yake ikipigwa na jua inayeyuka na kuacha uchafu usiotoka. Kata kiraka cha kitambaa kinachofanana, kona zake ziwe za duara maana kona kali ndiyo inaanza kunyanyuka, bandika kwa gundi ile ile ya mishono. Usishone. Kila tundu la sindano ni vuja jipya utakalolazimika kuliziba.

Dada wa Kisarawe

Nina swali tofauti kidogo. Nina hema zuri, limekaa stoo tangu tutoke msitu wa Pugu. Nimelitoa jana linanata kama lina asali, kwa ndani linabanduka vipande vyeupe, na linanuka kama matapishi ya mtoto. Nimeliosha na sabuni ya unga, harufu haijatoka. Limevunda?

Mwenye Mahema

Pole sana dada. Huo ni utando wa poliyurithani umevunjwa na unyevu na joto. Maji yanaukata taratibu mpaka unakuwa gundi, na harufu hiyo ni ya tindikali inayotoka humo humo. Halirudi. Kuna watu wanakwangua utando wote na kupaka mpya wa silikoni, lakini kwa hema la kawaida gharama na jasho havilipi. Fito, vigingi, kamba na chumba cha ndani vitoe, ni vizuri kwa vipuri. Nitavinunua ukitaka.

Na hapa niseme wazi, wakuu, ndiyo sababu hasa ya uzi huu: Dar hema haliuawi na mvua. Linauawa na stoo. Mvua inalipiga usiku mmoja, stoo yetu ya bati yenye joto na unyevu inalila mwaka mzima. Hema linalotunzwa kavu sehemu ya baridi linaweza kudumu miaka mingi, hilo hilo likikunjwa bichi na kuwekwa juu ya kabati Temeke, misimu michache limekwisha. Kwa hiyo asubuhi mkitoka kambini, hata kama ni pumzi tu, mkifika nyumbani litoeni kwenye mfuko siku ileile. Lianikeni uani kivulini mpaka mishono na kona za sakafu zikauke, maana kona ndiyo hubaki na maji. Jua kali si rafiki, linachakaza nailoni. Kama huna uwanja, litandaze sebuleni juu ya makochi na feni iwake. Mkeo atanung'unika, vumilia.

Halafu usilirudishe kwenye ule mfuko wake mdogo. Liweke legelege ndani ya foronya ya mto au mfuko wa pamba, chumbani unakolala, si stoo wala juu ya dari.

Kuosha ni maji ya kawaida na sabuni laini ya kipande kidogo, sponji, basi. Sabuni ya unga na dawa ya kung'arishia nguo zinakula utando, mashine ya kufulia inachana mishono. Ukitoka ufukweni suuza kwa maji yasiyo na chumvi hata kama halionekani chafu: chumvi inavuta unyevu wa hewani, hema halikauki sawasawa, na kishikio cha zipu kinaanza kuota kutu.

Dada wa Kisarawe

Asante. Fito njoo uchukue, tutaelewana bei. Na madoa meusi kwenye chumba cha ndani?

Mwenye Mahema

Hiyo ni kuvu. Lianike kwanza likauke kabisa, brashi laini kwa nje ili vumbi lake lisibaki ndani ya nyumba, kisha siki iliyochanganywa na maji, iache ikae kidogo, suuza. Kuvu yenyewe itakufa, doa mara nyingi linabaki. Harufu itakwisha.

Njia Panda

Mkuu Mwenye Mahema, nirudi. Nataka kununua langu, la bei ya mtumba, pale sokoni Karume. Naangalia nini? Na niliulizie la tabaka moja, ni rahisi zaidi?

Mwenye Mahema

La tabaka moja kwa Dar sikushauri, labda liwe la ufukweni mchana. Hakuna pa kupitishia mvuke, mtaamka mmelowa kila siku. Ukiwa nalo tayari, liwekee turubai juu lililofungwa kwenye miti iliyopo au nguzo mbili za kusimika, lisiguse hema, liache nafasi ya kupitisha mkono. Linazuia umande wa angani pamoja na mvua, na utaweza kuacha madirisha wazi. Chini ya mti wenye majani mengi umande nao hupungua, ila mvua ikiisha mti unaendelea kutona kwa muda mrefu.

Kwa la mtumba, nenda asubuhi penye mwanga. Mwambie muuzaji alikunjue lote, akikataa hamia meza ya pili. Kabla ya macho tumia pua: hiyo harufu aliyoisema dada, ukiisikia hata kwa mbali rudisha. Sugua kwa ndani ya turubai la juu kwa kidole gumba, lisinate wala lisitoe unga. Inua sakafu ielekee jua, vitundu vitajionyesha vyenyewe. Kagua tepu za mishono kwenye kona nne za sakafu na pale fito zinapokutana juu, hapo ndipo huanza kubanduka. Funga na kufungua zipu zote mpaka mwisho. Hesabu fito na angalia kama kamba ya mpira ndani yake bado inavuta. Tepu zikiwa zimebanduka lakini kitambaa hakinati, punguza bei na umpelekee Fundi wa Nyuzi. Kikinata, hata akikupa bure mwachie.

Fundi wa Nyuzi

Akija na lililokwisha kuoshwa itanirahisishia kazi. Nikipaka gundi juu ya vumbi la Karume sitoi garantii.